Shemeji kanifungia valvu ya turbo, sasa gari linasita na kuzima

Shikamoo Fundi,

Nimekusoma muda mrefu, ila kukuandikia ndiyo mara ya kwanza. Nina gari la petroli lenye turbo, gia za mkono. Nililinunua likiwa limeshatumika na kwa karibu mwaka mzima halikunisumbua hata siku moja. Matatizo nimeyaleta mwenyewe, na yalianzia masikioni. Kila nikipishana na gari lililofungwa ile valvu ya blo-ofu, ile ya kuachia hewa ya turbo ambayo watu wanaiita BOV tu, dereva akibadilisha gia nasikia pssshh, roho inanitoka. La kwangu lilikuwa kimya kama friji.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mtu wa magari. Hakusomea ufundi lakini mkono wake mwepesi, na mengi ameshayafanya yakatengemaa. Akaniambia hiyo ni kazi ya saa moja. Nikanunua valvu ya chuma, ya kutolea hewa nje, naye akaja Jumamosi asubuhi na spana zake. Akafungua ile ya kiwandani, ya plastiki, iliyokuwa na mpira mnene wa kurudisha hewa kwenye paipu inayoingia turbo. Hii mpya hairudishi kitu, inamwaga nje, kwa hiyo kwenye paipu ukabaki mdomo wazi. Akauziba kwa kipande cha bolti alichokizungushia tepu. Halafu kale kampira kembamba ka kuiendesha valvu kakawa hakafiki. Akakata mpira mwingine uliopita jirani, unaotoka manifoldi, ile njia inayogawa hewa kwenye silinda, kwenda kwenye kidude cha duara mwisho wa reli ya injekta, akatia kiungo cha T.

Sauti ilikuja, sikatai. Wiki ya kwanza nilikuwa nabadilisha gia hata pasipokuwa na sababu. Kisha nikaanza kuona mambo. Nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu gari linasita kama mtu aliyejikwaa, ekzosi inapiga mlio mmoja wa kulipuka na moshi mweusi unatoka. Nikiachia mafuta ili nisimame, mshale wa mizunguko unaporomoka na injini inazima. Ikibahatika isizime, mshale hautulii, unapanda hadi 1,200 unashuka hadi 600, unapanda tena. Mafuta linakunywa kuliko zamani. Juzi nilifungua plagi moja: nyeusi tii, na masizi makavu yakabaki kidoleni.

Shemeji anasema kompyuta ya gari itazoea, niendelee tu kutembea nalo. Anasema pia BOV inaongeza nguvu, na kwamba bila hiyo turbo yangu ingekufa mapema. Nikimuuliza zaidi anakunja uso, na mke wangu ananiambia nisimdhalilishe mdogo wake aliyenifanyia kazi bure.

Je, ni kweli itazoea? Naweza kubaki na sauti yangu bila kuliua gari? Na huyu shemeji nimwambieje? Kama inasaidia, kwenye paipu mara tu baada ya boksi ya filta ya hewa kuna kidude kimechomekwa, kina soketi ya waya tano. Hatukukigusa. Jirani yangu mwenye dizeli ya turbo naye anataka kufungiwa kama yangu, nimwambie nini?

Wako,
Mpenzi wa Pssshh


Marahaba mwanangu.

Kabla hatujafika kwenye sauti, gari hilo lisiwashwe tena mpaka kile kipande cha bolti kitoke. Umeandika "kipande", na neno hilo ndilo lililonishtua. Bolti yenye kichwa kikubwa kuliko mdomo wa paipu ingeweza kupwaya na kuvujisha hewa, basi. Kipande kisicho na kichwa kimeshikwa na tepu peke yake, tepu iliyo kwenye joto la injini, gundi yake ikiyeyuka siku hadi siku, na upande wa ndani turbo inafyonza. Siku tepu ikiachia, chuma hicho kina safari fupi ya kwenda kwenye mapanga ya turbo. Mapanga hayo ni ya aluminiamu nyembamba na yakiwa kazini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hakuna turbo inayopona hapo, na vipande vyake huendelea na safari kuelekea kwenye kipoza-hewa na injini. Tafuta kifuniko cha mpira au cha silikoni kinachovalishwa kwa nje ya mdomo ule, ukikaze kwa klempu. Hata hivyo, ukinisoma mpaka chini utaona kwamba mdomo wenyewe huenda tukauhitaji.

La pili linafanana na hilo kwa hatari, ila hulisikii. Kile kidude cha duara mwisho wa reli ya injekta ni rigyuleta ya presha ya mafuta. Kampira kake kanaipelekea habari za manifoldi: busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, ikipanda, presha ya mafuta nayo ipande kwa kiasi kilekile, ili injekta zisilemewe na hewa iliyojaa kule mbele. Sasa kampira hako kamekatwa na kanagawana pumzi na valvu kubwa ya chuma. Kiungo kile cha T kikichomoka ukiwa umekanyaga hadi chini, presha ya mafuta haitapanda. Injini itapata hewa nyingi na mafuta haba, na petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda za injini yenye turbo, pistoni hutoboka. Rudisha mpira mmoja mzima, mpya, kutoka manifoldi hadi kwenye rigyuleta, bila kiungo chochote njiani. Valvu nayo ipewe mpira wake yenyewe, mfupi, unaotoka manifoldi baada ya kipepeo cha throto, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Hakuna kugawana na saa ya busti wala kitu kingine.

Haya, sasa tuje kwenye ugonjwa uliouandikia.

Zile waya tano baada ya boksi ya filta zimenijibia nusu ya barua yako. Kidude chenye waya mbili tu mahali pale kingeweza kuwa cha kupima joto la hewa na si zaidi. Waya tano ni sensa ya MAF, inayopima wingi wa hewa inayoingia. Ifikirie kama karani aliyekaa getini na daftari. Kila pumzi ya hewa inayopita anaiandika, na kompyuta inamwaga mafuta kwa kufuata daftari hilo. Karani haoni kinachotokea mbele, na wala hana haja ya kuona, kwa sababu kiwandani walihakikisha kwamba kilichopita getini hakina mlango wa kutokea.

Ulipokuwa na valvu ya zamani, ukiachia mafuta ili ubadilishe gia mambo yalikwenda hivi. Kipepeo cha throto kinafunga ghafla. Turbo bado inazunguka na inasukuma hewa, na hewa ile inagonga mlango uliofungwa. Upande wa pili wa kipepeo, kwenye manifoldi, presha inageuka kuwa vakyumu, na vakyumu hiyo kupitia kale kampira inaivuta valvu ifunguke. Hewa iliyokwama inapita kwenye ule mpira mnene na kurudi mbele ya turbo, izunguke tena. Daftari la karani halijaharibika: hewa ile alishaiandika, na bado imo ndani.

Valvu yako mpya inaitupa nje. Pssshh unayoipenda ni hewa iliyokwisha kuandikwa kwenye daftari ikitoroka. Kompyuta haijui, inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo tena. Kwa kitambo kile petroli inazidi hewa kwa mbali, na ndiyo maana gari linajikwaa kati ya gia ya pili na ya tatu. Petroli isiyoungua inakwenda kuwaka kwenye ekzosi, huo ndio mlio wako na moshi wako, na masizi ya kidoleni yametoka hukohuko. Ukiendelea hivi miezi kadhaa, plagi zitaanza kupiga misi, petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda, na katalisti, yale masega ya kwenye ekzosi, itachemka mpaka iyeyuke. Bei ya masega ukiiuliza, sauti utaisahau.

Hiyo ni upande wa kubadilisha gia. Mshale unaocheza kati ya 600 na 1,200 ni ugonjwa mwingine, na cha kuchekesha ni kwamba umegeuka kinyume cha ule wa kwanza. Injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, vakyumu ya manifoldi iko juu. Springi ya valvu ikiwa laini, vakyumu hiyo inaishikilia valvu wazi muda wote. Ya kiwandani ingekaa wazi bila madhara, kwa kuwa inafungukia ndani kwa ndani. Yako inafungukia nje, kwa hiyo injini inavuta hewa kupitia mdomo wa valvu, hewa ambayo haikupita getini. Sasa karani anaandika pungufu, na mafuta nayo yanakuwa pungufu. Kompyuta inahangaika kusawazisha, inapitiliza, inarudi, mshale unacheza. Ukikaribia kusimama magonjwa yote mawili yanakutana, na gari linazima.

Hili usiniamini kwa maneno. Ukishashughulikia bolti na mpira wa rigyuleta, washa injini iache ingurume. Chukua ukanda wa karatasi nyepesi, upana wa vidole viwili, ushike kwenye mdomo wa valvu. Mikono na mikono ya shati ikae mbali na mikanda na feni. Karatasi ikinyonywa, valvu iko wazi. Kisha chomoa kale kampira kembamba kwenye valvu na uzibe ncha yake kwa kidole. Valvu isiyopata vakyumu hufungwa na springi yake. Mshale ukitulia papo hapo, mchawi umemwona.

Shemeji atakuambia tukaze springi, na hapo atakuwa amesema kweli kwa nusu. Valvu nyingi za aina hiyo zina kifuniko cha kukazia juu. Ukikaza kidogo kidogo utafika mahali karatasi haivutwi tena, na mshale utatulia. Lakini springi ikiwa ngumu mno, valvu haifunguki upesi ukiachia mafuta ukiwa na busti ndogo, na utaanza kusikia stututututu. Hiyo ni hewa inayorudi kinyumenyume kupenya kwenye mapanga ya turbo. Vijana wengine wanaipenda kuliko hata pssshh. Mimi siipendi, kwa sababu kila "tu" moja ni kofi kwenye shafti, na anayelipokea ni beringi ya msukumo. Kwa busti ndogo ya kiwandani turbo inaweza kuvumilia muda mrefu. Ukipandisha busti, inavumilia kidogo. Na hata ukiipata springi sawasawa kabisa, umetibu mshale tu. Daftari la karani linabaki na uongo wake kila ukibadilisha gia.

Kuhusu kuzoea: kompyuta hujifunza, ni kweli, lakini hujifunza mambo yanayodumu, mfano filta iliyoanza kuziba au injekta iliyochoka kidogo. Hewa inayotoroka kwa nusu sekunde, siku nyingine mara nyingi, siku nyingine mara chache, leo kwa busti kubwa kesho ndogo, haina cha kujifunzwa. Kibaya zaidi, huenda imeshajifunza makosa kutokana na zile nyakati za kunguruma. Baada ya matengenezo futa kumbukumbu hiyo kwa mashine ya kusomea. Kwenye magari mengi kuondoa waya hasi wa betri kwa muda kunatosha, ila kama redio yako inadai namba ya siri, itafute kwanza.

Na nguvu? BOV hufunguka mguu wako ukiwa umetoka kwenye mafuta. Ukikanyaga, kazi yake ni kufunga kabisa. Kitu kilichofungwa kitaongezaje nguvu? Mahali pekee ambapo valvu mpya hurudisha nguvu ni pale ya zamani ilipokuwa inavuja. Zile za plastiki zina kiwambo cha mpira ndani, na kikichanika, au busti ikipandishwa kuliko ilivyokusudiwa, hewa hupenya ukiwa umekanyaga na gari linakuwa zito. Hapo valvu ya chuma, yenye pistoni badala ya kiwambo, ni dawa halali. Wewe hukulalamikia uzito wowote. Na turbo yako haikuwa hatarini, maana kinga ilikuwa nayo tangu kiwandani. Ilikuwa haina kelele, basi.

Pengine utaniuliza mbona fulani katoa hewa nje na gari lake halijikwai. Angalia injini yake. Zipo zisizo na karani getini. 1JZ-GTE ya Toyota, kwa mfano, hutumia sensa ya MAP, inayosoma presha iliyomo ndani ya manifoldi. Hiyo inahesabu waliomo ukumbini, haijali aliyetoka njiani, na ukitupa hewa nje kabla ya throto haina habari. SR20DET ya Nissan inahesabu getini kama yako. Kumwiga mtu bila kujua gari lake linahesabu wapi ndiko kunakojaza magereji.

Unaweza kubaki na sauti? Unaweza kubaki na sehemu yake. Valvu nyingi za chuma zina mdomo wa ziada, au kiungo kinachouzwa kando, cha kuzirudisha kwenye paipu ya turbo. Ukipata cha yako, ule mdomo tulioufunika tunaufunua, tunaweka mpira mnene wenye kipenyo kilekile, klempu pande zote mbili. Gari litatulia, na ukiwa na filta iliyo wazi utasikia mpumuo mdogo chini ya boneti, wa kukusikilizisha wewe na abiria wako. Ziko pia za mchanganyiko, zinazorudisha sehemu ya hewa na kumwaga nyingine. Hizo zinapunguza tatizo na haziliondoi, na mimi fedha yangu nisingeiweka hapo. Njia ya tatu ni kuigeuza kompyuta isome presha ya manifoldi, kwa fundi wa kuprogramu anayejua anachofanya. Kwa ajili ya sauti tu ni kujenga nyumba ili upate pa kutundika saa.

Jambo moja watu hulisahau: hewa ile ina mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini na kurudishwa kwenye njia ya hewa ili uungue. Ukiimwaga nje unamwaga na mvuke huo, ndiyo maana utaona eneo la valvu limeanza kulowa na kushika vumbi. Baadhi ya nchi na majimbo huhesabu hilo kuwa uchafuzi. California hudai kibali maalumu kwa vifaa vinavyogusa mfumo wa hewa chafu. Gari likiwa na dhamana au bima kubwa, waulize wahusika kabla hujafunga chochote.

Jirani wa dizeli asitoe fedha. Dizeli kwa kawaida huongozwa kwa kiasi cha mafuta, haina kipepeo kinachofungwa kwa kishindo kila dereva anapoachia, kwa hiyo hewa haikwami na hakuna cha kuachiliwa. Vifaa vya umeme wanavyouziwa wenye dizeli vinatengeneza mlio, na mlio tu.

Sasa shemeji. Usimpelekee barua hii, na usimwambie fundi wa gazetini kasema. Mtu aliyekuja Jumamosi na spana zake akatoka mikono imejaa grisi bila kudai kitu, anastahili kwanza asante, tena mbele ya dada yake. La bolti na mpira wa rigyuleta usilisubirishe kikao. Lifanye leo mwenyewe. Hayo mengine mwite, mwambie unataka mjaribu kitu pamoja, mpe yeye ule ukanda wa karatasi aushike. Kijana mwenye mkono mwepesi akiona karatasi inanyonywa mahali ambapo hewa ilipaswa kutoka, hatahitaji hotuba. Akinuna bado, mwache anune, atarudi na swali lake mwenyewe.

Na ile valvu ya plastiki, natumaini hukuitupa. Ipanguse vumbi, futa kile kichuchu chembamba cha juu, chomeka kipande cha mpira safi na unyonye kwa mdomo, kisha uzibe ncha kwa ulimi. Hesabu mpaka 20. Mpira ukiendelea kukushika ulimi, kiwambo ni kizima, na unaweza kuirudisha jioni hii hii wakati unatafuta kiungo cha ile nyingine. Ukiachia kabla hujafika 5, imechanika. Nunua mpya ya kiwandani.